Daftari la Glavu

Kazi yangu ni kusimama katikati.
Shahidi aseme kwa Kijaluo, niseme kwa Kiingereza,
hakimu aandike, na kilichoandikwa ndicho kilichotokea.
Miaka kumi na tisa, mahakamani Kisumu, chumba cha pili,
chini ya feni yenye panga tatu, moja imepinda.

Jumanne aliitwa Nyangweso Ogada,
mlisha miwa wa kiwanda kimoja upande wa Muhoroni.
Shati limepigwa pasi. Vifungo kafungwa na mkewe;
nilijua, maana kimoja kilirukwa
naye hakujaribu kukirekebisha.

Akaapa kwa mkono wa kulia.
Vidole vinne vikapanda,
na hewa ikapanda navyo mahali pa cha tano.

Wakili wake akamuuliza anaumwa wapi.
"Kile kisichokuwepo. Kinawasha usiku.
Nanyoosha mkono kukikuna, nakuna blanketi."
Nikageuza. Kwa lugha ya faili ikawa fupi:
shahidi anadai maumivu yanaendelea.
Blanketi likabaki kwangu.

"Na nyumbani?"
"Tonge silibonyezi. Mchuzi wa mbuta upo,
na tonge limekaa mviringo kama yai.
Mwanangu wa darasa la pili ndiye hunibonyezea.
Anacheka. Nami nacheka."
Ripoti ya daktari ilikuwa imesema asilimia.
Wahenga walituambia kidole kimoja hakivunji chawa;
vinne bila gumba vifanyeje, hawakutuachia neno.

"Kiwandani walikitafuta?"
"Mashine haikuzimwa. Kilipita na maji ya miwa."

Ndipo wakili wa kampuni akasimama, mpole, ana mafua,
akaomba radhi kwa kupiga chafya,
akatoa daftari lenye jalada la kijani.
Mstari wa thelathini na moja. Jina. Namba ya kazi.
Pembeni, kwa wino wa zambarau, alama ya gumba.
"Ulipewa glavu, hukuzivaa. Hiki si kidole chako?"

Nimewaona watu wakikana sahihi zao,
wakikana ndugu, wakikana magari waliyoyaendesha
hadi ndani ya mtaro.
Neno moja tu lingemtosha: sicho.
Nani angempima? Kwa kidole kipi?
Hata wakili wake aliacha kuandika,
akamkazia macho, anamwomba.

Akalivuta daftari karibu, akainama
kama anayechungulia kisima.
Feni ikasikika.
Akaigusa karatasi kwa shahada ya kushoto,
taratibu, akifuata duara ndani ya duara,
akatua pale mistari ilipokatika.
"Hapa ni mundu. Nilikuwa na miaka tisa,
nakata nyasi za paa la nyanya, kule Nyakach.
Alinifunga kwa utepe wa leso yake."
Akatabasamu. Kortini!
"Ndicho. Ndicho chenyewe."

Wakili wake akafumba macho.

"Lakini siku hiyo tulitia alama ya sabuni.
Glavu hazikuja. Ilikuwa sabuni,
mche mmoja kwa watu wawili, tukaukata kwa uzi."

Nikageuza yote: mundu, nyasi, leso, sabuni, uzi.
Nilisema polepole kuliko kawaida,
nikarudia sabuni mara mbili, jambo nisiloruhusiwa.
Kalamu ya hakimu ilikuwa imesimama kwenye ndicho.
Sabuni sijui kama iliingia.

Kesi ikaahirishwa hadi mwezi wa tisa.

Koridoni alinifuata. Hakuniuliza atashinda,
wala watalipa kiasi gani, wala lini.
"Kesi ikiisha, ule ukurasa huwekwa wapi?"
Chini, nikamwambia. Stoo. Rafu za kesi zilizofungwa.
"Panavuja?"

Nikamwambia hapavuji.
Aprili tulianika mafaili uani siku nne,
kila karatasi na jiwe lake.