Kiangazi Hakipigi Hodi

Nimekesha tena kwenye ghala la watu, Viwandani,
nikihesabu kufuli kumi na nne na paka mmoja.
Sasa ni saa mbili asubuhi, na usingizi wangu
unanisubiri chini ya mabati
kama chapati chini ya kifuniko.

Desemba inakunja virago.
Februari iliyopita nililala sakafuni, shavu kwenye saruji,
nikaota nachemshwa pamoja na viazi.
Nilipoamka saa nane, mshumaa wa dirishani
ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta kiatu.
Mwaka huu hapana.

Ebla wa chumba cha saba ananicheka.
"Hili nalo mnaliita joto? Kwetu Wajir
mjusi akivuka barabara huinua miguu kwa zamu."
Yeye huuza maziwa ya ngamia,
mitungi ameivisha magunia mabichi kama watoto wenye surua.

Hata hivyo anakuja,
anasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni,
kama fundi anayekadiria bei.
"Kitanda nani alikiweka ukuta wa machweo?
Ukuta huo humeza jua mchana kutwa, usiku hulitapika.
Sogeza."
Nisogeze wapi, chumba chenyewe futi kumi kwa kumi?
Anasogeza yeye.
Kabati ndilo likae na jua, anasema, halitoki jasho.

Siku yangu ya mapumziko nanunua chokaa, kilo tano.
Bwana Gathumbi mwenye nyumba alikataa dari:
dari, alisema, ni za watu wa Buruburu.
Chokaa hakukataa, kwa sababu sikumwuliza.
Napanda na ndoo na ufagio, mabati yananing'ata magoti.
Kwa huku juu Mlango Kubwa ni kutu tupu
mpaka kwenye maghorofa ya Eastleigh,
na kipande changu kimoja cheupe
kama jino la kwanza la mtoto.

Magunia matano tunayashona kwa waya chini ya paa.
Yananukia moshi wa vibuyu.
La sita, la dirishani, "ulinyweshe kila alfajiri."
Maji mtungi shilingi ishirini, siku yakipatikana.
"Basi ulinyweshe uliyonawia. Gunia halichagui."

Kisha akasema, "Limebaki moja.
Usiku fungua, mchana funga.
Nyumba ni kama chombo cha maziwa:
iache ipokee baridi, halafu uizibe
kabla jua halijajua."

Hapo nikanyamaza.
Usiku mimi sipo.
Mimi ndiye ninayewaambia wenye ghala: fungeni,
angalieni tena, fungeni.
Miaka kumi na moja nalipwa nisiamini hata upepo.
Na humu ndani mna redio, blanketi mbili, jiko la gesi,
picha ya Kemunto siku aliyohitimu.
Mwizi wa mtaa huu haombi zaidi.

Ebla aliitazama kufuli yangu.
"Soja," akasema, "maziwa hunifikia saa tisa usiku.
Kabla ya hapo silali. Nakaa kizingitini na chupa ya chai."
Akanyoosha mkono
kama anayedai chenji yake.

Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wangu.

Sasa ni wiki ya tatu ya Januari.
Saa saba usiku natikisa kufuli za watu, moja moja,
na kule nyumbani dirisha langu liko wazi, pazia linapumua,
na mwanamke ambaye jina la babake silijui
ananilindia mali bila mshahara.

Asubuhi nakuta kumefungwa. Giza, moshi, gunia bichi.
Naugusa ukuta kwa mgongo wa kiganja
kama mtu anavyogusa paji la mgonjwa.
Jiko lipo. Blanketi zipo. Kemunto anatabasamu.
Redio pia ipo,
ila mtu ameihamisha stesheni.