Kebo ya Mafuta

Ililetwa ikivutwa kwa kamba ya katani,
MG ya mwaka sitini na saba, paa la turubai,
wekundu wake umechomwa na jua la Malindi
hadi ukawa rangi ya fizi.
Kwenye usukani, Bi Mbeyu wa Muyeye,
mikono miwili, shingo wima,
kama aliyejitwika ndoo na njia ina mashimo.

"Fundi, injini inawaka.
Nikikanyaga, haisikii."

Nikalala chini ya dashibodi, miguu nje,
tochi mdomoni, jasho likinitafuta macho.
Nikaiona: kebo ya mafuta, imefumka,
nyuzi zimejikunja kama ndevu za beberu,
na kati ya nyuzi kumi na tisa
mmoja tu ulikuwa bado unashikilia.
Haikukatika leo, nikamwambia.
Hukatika uzi mmoja, gari likaenda.
Wa pili, likaenda.
"Najua," akasema,
na hakuwa akizungumzia gari.

Miaka ishirini na miwili alimfulia Bwana Whitcombe.
Kila Ijumaa aliliosha gari hili, tairi kwa tairi.
Kwenda sokoni, bwana kulia, mbwa kushoto,
Bi Mbeyu kwa miguu na kikapu.
Kisha bwana akaenda kwao kutibiwa mgongo,
mshahara utakuja mwisho wa mwezi,
na miezi ikaisha kumi na minne
ndipo ikaja karatasi yenye mhuri:
amefariki, nyumba imeuzwa,
gari ni lako.

Malindi nzima hakuna kebo kama ile.
Mombasa walinicheka kwenye simu.
Kuagiza ng'ambo ni bei ya mbuzi watatu
na kungoja hadi mfungo wa sita.
Basi nikamtuma Tsuma stendi ya bodaboda:
kebo ya klachi ya pikipiki, mia tatu na hamsini.
Nikaikata kwa patasi, nikayeyusha risasi,
ikameta, ikawa tone, likaganda,
nikalipiga tupa hadi likawa kichwa
kinachoingia kwenye jicho la pedali.
Nikasukuma grisi ndani ya ala,
nikaipitisha tundu la ukutani, gizani,
kwa kupapasa, kama mkunga.

Tsuma alitaka aikaze ilie kama zeze.
Nikamshika mkono. Acha ulegevu,
upana wa punje ya mchele.
Kebo iliyokazwa mno hailinyimi gari mbio,
hulinyima kupumzika.

"Kanyaga!" nikaita kutoka kwenye boneti.
Ndani ya koo la kabureta
kipepeo cha shaba kikageuka ubavu,
hewa ikanywewa kwa mluzi.
"Achia!"
Hakuachia.
Barani yote ikasikia. Kuku wakapanda ukuta,
muuza mahamri akafunika sinia kwa leso,
na mimi, boneti imenizibia uso wake,
niliona kebo tu:
imenyooka, inatetemeka, imeshika.

Alipozima alifuta kiti cha kushoto kwa kanga,
akafuta tena palepale,
akaweka mkoba wake.
Kuna mtu wa Casuarina, nikamkumbusha,
ana laki tisa mkononi, anakuja kesho.
"Mwambie Jumatatu."
Akatoka getini kwa gia ya kwanza,
breki, mrukoruko, breki,
akagonga pipa la oili, hakugeuka.

Jumatatu aliliuza. Sikumuuliza
alikwenda wapi siku zile tatu,
ila mchanga niliouona kwenye tairi
haukuwa wa Malindi.

Kebo ya zamani iko kwangu.
Tsuma alikata ile sehemu iliyofumka,
iliyobaki akafungia mlango wa choo.
Inashika vizuri sana.
Ilikuwa mbovu mahali pamoja tu,
upana wa kidole.