Vinapatana?

Vlastimil amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
anasoma maelezo ya sanduku
kama mrithi anayeshuku jina lake limerukwa.
Miaka thelathini na mmoja alitengeneza tramu za Brno.
Anachojua ni hiki: reli ikizidi upana kwa kidole,
hakuna tramu, hata iwe mpya vipi.

"Diski nne," anasema. "Moja ikifa,
tatu zilizobaki zinajua ilibeba nini."

Nasi tulikuwa wanne kwa mama.
Květa alipokufa, watatu tuliobaki
hatukuafikiana hata nani achukue koti lake.

Jumamosi tulikwenda dukani kwa Radovan,
kijana mwenye kipini puani
na subira ya mwalimu wa chekechea.
Hakututajia bei. Alituhoji:
Runinga ni ya mwaka gani? Inafungua mafaili ya aina gani?
Ruta imekaa wapi? Kati yake na sebule
pana ukuta wa nini?
"Wa mawe," nikasema. "Baba mkwe aliujenga
akiwa bado anaogopa mabomu."
Radovan akashusha pumzi.
"Basi waifai msiitegemee. Toboeni, mpitishe waya."

Akatuonya kuhusu kile kisanduku chekundu
kinachong'aa rafuni kama pipi:
kwa diski za kampuni yake kinaongea,
kwa za wengine kinanuna.
"Msiulize kama ni kizuri," alisema.
"Ulizeni: vinapatana?"

Tukanunua sanduku jeusi la diski.
Na kile chekundu tukakinunua,
maana kilikuwa na punguzo, na Vlastimil ni Vlastimil.

Ukuta ulitoboka saa mbili usiku.
Vumbi la mawe likatua kwenye supu ya dengu,
tukainywa hivyo hivyo.
Waya wa kijani, mita kumi na tano,
ukapita nyuma ya kabati, chini ya zulia,
hadi stoo, ambako sanduku linavuma
kati ya mitungi ya matango ya siki.

Kisha ile kanda ya Krismasi ya tisini na moja,
ambayo mpwa wangu aliigeuza kuwa faili:
bafu letu la zamani, samaki wa sikukuu bado mzima,
anazunguka kwenye beseni la kuogea,
na Květa, miaka kumi na tisa, mkono majini hadi kiwiko,
kichwa nyuma, meno yote nje.

Kimya.

Vlastimil alipandisha sauti hadi mia.
Akachomoa, akachomeka, akalaani kwa adabu.
Sauti imo humo ndani, alisema,
ila hiki chekundu hakijui kuifungua.
Miaka saba nimemkosa dada yangu.
Sikujua mtu anaweza kukosekana upya
akiwa anacheka mbele yako.

Jumatatu tulikirudisha.
Radovan hakusema niliwaambia.
Akatoa cha kijivu, kibaya wa sura, korona mia sita zaidi,
akakijaribu pale pale kwa faili letu.
Nikamwomba azime spika, atazame mishale tu.
La kusikia nalipeleka nyumbani.

(Ndani ya diski nimefungua folda,
nimeipa jina la kaka yangu Bohumil.
Sijampigia bado. Folda ipo.)

Jioni hiyo nilikaa na aproni yangu.
Picha ikaja. Maji yakaanza kulia,
chapwa, chapwa, mkia wa samaki kwenye beseni,
nami nikajikaza nikisubiri kicheko.
Lakini kabla yake, nyuma ya kamera,
kwa mtu ambaye sikuwa nimemfikiria kabisa,
baba akafoka:
"Fungeni mlango huo, baridi inaingia!"

Vlastimil, bila kuondoa macho kwenye runinga,
akainuka, akaenda, akaufunga.