Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Geneva hawakungoja hiyo ya tatu.
Nilishuka ndege saa moja asubuhi,
saa nne nimo kwenye kibanda cha kioo,
visikizi masikioni, nasema "mimi"
kwa niaba ya waziri asiyejua jina langu.
Mimi nasikitika, nilisema. Mimi napinga.
Sikusikitika. Sikupinga kitu.
Nililipwa vizuri.

Miaka kumi na mmoja hivyo:
Banjul, Addis, Geneva, tena Addis.
Sanduku nalifungua nusu tu,
upande wa nguo za kazi.
Upande wa pili umelala Kibosho:
kahawa ya kukaanga nyumbani, imechuja harufu,
kanga moja, na kadi ya mpiga kura
niliyoitumia mara moja.

Watu huniuliza nasawazisha vipi.
Huwajibu kwa mzaha: ni shingo.
Mama alibeba mkungu toka Kibosho hadi Mbuyuni
bila kuushika kwa mkono.
Wanacheka. Siwaambii kilichobaki,
kwamba mama alikwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Jumapili nilifika. Wifi yangu Ndeshi
akatandika shuka za wageni.
Chai yangu ikaja na kisosi,
wenzangu wakanywea vikombe vya bati.
Jumatatu nikatengewa maji ya moto.
Jumanne nikangoja.
Nikala, nikashukuru, nikangoja.

Usiku ule zamu ya mfereji ilikuwa yetu.
Nilisikia komeo, mabuti ya Eliapenda,
kisha mnong'ono wake mlangoni kwangu:
"Mwacheni alale, kachoka na safari."
Kachoka.
Kumbe nao ni wakalimani.

Nikatoka na kandambili, tochi ya simu mkononi.
Huko juu, kwa akina Mallya, walikuwa wameshafungua,
na maji yakateremka kati ya migomba,
meusi, baridi ya kukata kifundo.
"Shangazi," akasema Aikaeli, ana miaka tisa,
"umesimama kwenye magimbi."
Nikasogea.
"Hapo pia."
Nikasogea tena.
Akanitupia jembe bila adabu yoyote:
"Ziba pale! Upesi, yanaenda kwa jirani!"

Niliziba. Vibaya.
Akapita nyuma yangu akirekebisha,
hasemi kitu, anaguna tu,
kama nigunavyo mimi
mwanafunzi anapokosea kitenzi.

Saa tisa usiku simu ikawaka. Montreal.
Siku nne za mkutano, kuanzia kumi na sita.
Je, upo huru?
Huru: neno hili kazini kwetu
maana yake hakuna anayekuhitaji siku hiyo.

"Zamu yetu tena lini?" niliuliza.
Eliapenda akainua kichwa,
akanitazama kama mtu aliyesikia lafudhi ngeni.
"Wiki mbili. Jumanne tena."
Nikahesabu kwa vidole vyenye tope.
Inaangukia kumi na tatu.

Nikaanza kuandika kwa kidole gumba,
tope likibaki kwenye kioo juu ya kila herufi:
Mimi nitakuwa huru kuanzia kumi na nne,
asubuhi, si kabla—

"Shangazi! Maji!"