Kijifereji

Jumatatu, saa tatu, maabara ya juu mlimani.
Mashine ya kukatia nta inakwaruza,
dirishani ziwa limelala kama bati jipya.
Nimepewa kipande cha ini, namba mia nne na kumi na saba.
Namba haina jina. Fomu inalo,
na jina nalijua: Holo Lushinge, miaka hamsini na miwili,
muuza dagaa, Mwaloni.
Kwake nimekopa mara mbili. Mara moja sijalipa.

Nimekikata chembamba kuliko gamba la furu.
Zambarau kwa viini, waridi kwa vilivyosalia.
Nikainamia darubini

na ndani ya ini nikaona titi.

Sijui niseme vipi tena. Vile vijibomba vya maziwa,
seli bega kwa bega kuuzunguka uwazi mtupu,
zimeshikana, zina adabu,
kama watu waliohama Kirumba usiku
wakaijenga Kirumba nyingine ng'ambo,
uchochoro uleule,
milango ikitazama kulekule.

Safari yenyewe kioo hakionyeshi.
Niliisoma chuoni, nikaikariri kwa ajili ya mtihani:
seli ya ukutani huzaliwa ina jirani kila upande,
inajua juu yake na chini yake.
Siku moja inaachia mkono wa kulia,
inaachia wa kushoto,
inarefuka, inaota miguu,
inautoboa mkeka iliokuwa imeukalia
na kuingia kwenye damu.
Nyingi hufia humo.
Moja haifi.
Inafika ini, inachoka kutembea,
inakumbuka kushikana.

"Nani aliifundisha?" tulimuuliza mwalimu Bwire.
Akafuta chaki kwenye suruali. "Wewe," akasema.
"Ulipokuwa na wiki nne, hujafika punje ya mchele,
seli za mgongoni pako ziliachana mikono
zikatambaa gizani kuja mbele.
Nyingine zikawa taya, nyingine rangi ya ngozi,
nyingine neva za hilo tumbo linalonguruma.
Zisingetoka, usingekuwa na mdomo wa kuniulizia."
Tulicheka. Ilikuwa karibu saa saba, tuna njaa.

Wapo watakaosema: ni kama gugumaji,
kisiwa kimemeguka Nyegezi, upepo umekitupa kwingine.
Hapana. Gugumaji ni mgeni, alikuja.
Hizi ni za kwetu. Zilikuwa zinajua tangu mwanzo,
zikaambiwa zisahau, zikasahau
miaka hamsini na miwili.

Nyumbani Mabatini mdogo wangu Ng'walu
yuko wiki ya tano, hataki hata harufu ya samaki.
Ndani yake, sasa hivi, ninapoosha vioo,
kuna wanaotambaa.
Nawaombea watoke. Watembee. Wasiogope kuachia.
Naomba kitu kilekile
nilichokilaani saa tatu asubuhi,
na sijui Mungu anayapokeaje maombi ya namna hii
kutoka kwa mtu mmoja, siku moja.

Nikaandika: tezi ndani ya ini, chanzo chake titi.
Daktari ndiye atakayetia sahihi.
Daktari ndiye atakayesema.

Jioni nikateremka Mwaloni, vidole bado vya zambarau,
nikamlipa Holo deni la sado moja.
Akashangaa. "Leo mshahara umetoka mapema?"
Hakuna nilichosema. Si kazi yangu kusema.
Alihesabu noti mara mbili, jua likimpiga usoni,
akajifuta jasho kwa kifundo cha mkono
hapo juu ya mdomo, kwenye kijifereji
ambacho sote tunacho na hakuna anayekiuliza:
mahali walipokutana waliotoka kulia na waliotoka kushoto,
wakasimama,
wakashikana.

"Umezidisha mia tano," akasema.
Akachota dagaa kwa kiganja, akanifungia kwenye gazeti,
akakaza fundo.