Chokaa Bila Chumvi

Kamati imenipa elfu sita na funguo.
Ukuta wa mashariki, wamesema, wote,
kuanzia dari hadi sakafu, mikono miwili ya rangi,
na ifikapo Jumapili ya Matawi uwe mweupe kama yai,
maana wameagiza skrini.

Niko peke yangu na ngazi.
Nje, gereji za Kariobangi zinagombana na mabati.
Humu ndani kimya kinanuka nta na popo.

Ukuta huu ulianza na kadi ya posta.
Padri Ottavio aliihifadhi katika kitabu chake cha sala,
kona zimelika: kanisa la kijiji chao, mlimani,
dogo kama ghala la mahindi,
lililochorwa miaka mia tisa iliyopita
na mtu ambaye hakuna aliyeandika jina lake.
Watu wenye macho makubwa kuliko midomo,
miguu inaning'inia, haijui ardhi iko wapi.
Akampa Musembi Kilatya, mchora mabango ya bucha,
akamwambia: hivi hivi.

Hivi hivi haikuwezekana.
Kadi ni kiganja, ukuta ni futi ishirini.
Palipopwaya, Musembi alijaza alichokijua.
Ng'ombe wa Betlehemu bado ana mistari ya bucha:
paja, mbavu, sarara.
Mitume wamepanga foleni kama ya maji,
na Tomaso, asiyeamini, amebeba jerikeni yake mwenyewe.
Kristo ameketi ndani ya yai la mwanga,
vidole viwili juu;
njano yake ni ile ile ya bango la kuku wa kukaanga,
ilibaki nusu kopo.

Nimeanza juu, kama inavyotakiwa.
Nilijua nitamfikia.
Nilipanga nimfikie jioni, nikiwa nimechoka.

Chini, kulia, Mikaeli anapima roho.
Mizani haikutoka mbinguni: ni ya chuma chakavu,
ina ndoana na kutu.
Shetani anavuta sahani yake kwa mikono miwili,
amevaa viatu vya ncha vya Gathirwa, mkusanya kodi,
anavuta, jasho linamtoka,
haishuki.
Katika sahani ya pili yumo mtu mmoja tu,
mfupi, kitambaa cha kijani, upawa mkononi.

Nyaboke, muuza uji kwa wachomeleaji.
Mama yangu.
Musembi alikunywa kwa deni masika mazima,
siku ya kulipa hakuwa na senti,
akamweka upande mzito.
Mama alicheka. Alisema: "Angenipa tu zile shilingi themanini."
Lakini kila Misa alikaa benchi lile lile, mkabala,
akijitazama kwa pembe ya jicho
kama mtu anayechunga sufuria isifurike.
Tulimzika Nyamira.
Nikimhitaji, huja hapa.

Chokaa hutiwa chumvi, fundi yeyote atakwambia.
Konzi mbili kwa ndoo; ndiyo inayoishikisha ukutani.
Mwenyekiti ameninunulia mfuko mzima,
ameuweka kando ya altare pamoja na risiti.

Nimepaka. Nisiseme uongo, nimepaka wote:
mitume na jerikeni, ng'ombe na paja lake,
viatu, ndoana, upawa.
Macho yamekuwa ya mwisho.
Brashi ilipita mara tatu na bado yalinitazama,
yakiuliza kama nimekula.

Sasa ni mweupe. Kamati itafurahi.
Nimeosha ndoo, nimerudisha funguo kwa katekista,
nimehesabu noti zangu chini ya taa ya kituo cha mafuta.

Mfuko wa chumvi uko nyumbani kwangu.
Leo tumeutilia maharagwe.
Masika hayako mbali,
na bati la upande wa mashariki,
hawakuniuliza,
linavuja.