Mchanganyiko

Sokoni Kadutu wanataka rangi moja.
Kopo la nyekundu tupu, kopo la njano tupu;
chembe ya madoa ikichungulia katikati
mnunuzi hukunja uso kama aliyeona jiwe.
Basi kila Jumatatu nakaa juu ya ndoo, nachambua.
Vidole vyangu vimekuwa forodha:
wewe pita, wewe rudi.

Mama mkwe wangu, Nsimire, hachambui.
Kule Kabare hupanda zote shimo kwa shimo:
ya njano, iwahiyo kabla ada ya shule haijadaiwa,
ya zambarau, ikweayo bua la mahindi,
nyeupe ya wagonjwa,
na moja nyeusi, ndogo, kaidi,
inayokula makaa ya siku mbili ndipo ilainike.
«Hii tuitupe, mama.»
«Ina kazi yake. Siku yake ndiyo siijui.»

Oktoba ile mvua haikupumua.
Mteremko ukawa uji, mizizi ikaoza;
ukivuta mche, unakuja kama uzi wa nguo kuukuu.
Shamba la jirani, la mbegu moja safi,
lililala lote ndani ya juma moja:
mwili mmoja, ugonjwa mmoja.
Letu lilibaki na mapengo, kama kinywa cha mtoto wa miaka saba,
lakini kila hatua tatu
nyeusi imesimama.

Zihalirwa akaja kutoka kituo cha utafiti,
daftari kwapani, buti kubwa kuliko miguu.
Akauliza bei.
«Mbegu hukopeshwa,» Nsimire akasema.
«Chukua ukufi mmoja. Utanirudishia mtoto.»

Alfajiri kwa alfajiri, kwa kikoleo cha nyusi,
alifumbua ua ambalo halijajifumbua,
akaling'oa uume wake, akalipaka chavua ya nyekundu,
akafunga uzi.
Naye pia huchambua, maelfu;
ila alichokikataa hukitia chupani, kwenye baridi,
hakitupi.

Miaka saba. Akarudi na kilo mbili:
nyekundu, nyororo, ya sokoni kabisa,
mzizi wa nyeusi chini yake.
Nsimire akaing'ata moja. «Makaa?»
«Saa moja na nusu.»
Akacheka, akaimwaga yote kapuni
pamoja na zile nyingine, akakoroga hadi kiwiko.
Mkono wa Zihalirwa ukabaki hewani.
«Mama, miaka saba!»
«Ndiyo. Sasa akae na ndugu zake.»

Leo Jumatatu. Nimechambua.
Nyeusi kumi na nne
nimezifunga penye pindo la kitenge.
Mnunuzi hakuona.